Jinsi ya kuunda gari ya kuchezea, Plymouth Fury ya Marekani ya 1958, kwa debe la mafuta

Kabla hujashika mkasi amua, unataka Christine ama unataka Fury, manake watu wengi wanadhani ni kitu kimoja. Christine ni ile ya mashetani kwenye filamu ya John Carpenter ya 1983, nyekundu na nyeupe, lakini Fury za 1958 kiwandani zilitoka na rangi moja tu, krimu kama mchanga wa Nyali na ukanda wa dhahabu ubavuni, alafu zilitoka kama 5,300 hivi, ndio maana watu wa filamu wakachukua pia Belvedere na Savoy, ndugu zake wa bei ya chini, wakazivisha wakazipaka mpaka zikafanana. Stephen King kwenye kitabu kilichozaa filamu hiyo aliipa milango minne, hapo usimfuate, Fury ya 1958 ni miwili.

Haya, tafuta debe la bati, si plastiki, mi huomba kwa mama wa viazi karai. Gari yenyewe ni mita 5.2, gawanya kwa 20: urefu sentimita 26, upana 10, gurudumu la mbele hadi la nyuma 15.

Kazi iko kwenye mapezi ya nyuma, yale aliyoyaleta Virgil Exner, mbunifu wa magari wa Chrysler, wenye Plymouth, ukiyakosea umeunda Peugeot. Usiyakate mbali ukaja kuyaunga, yangu ya kwanza yalichomoka siku ileile mtoto alipoibwaga ngazini. Ubavu na pezi viwe kipande kimoja, mstari uanze kupanda polepole pale mlangoni, ukifika nyuma ushushe. Alafu ukingo wa juu ukunje milimita tatu kwa koleo, bati linakaza na mkono haukatwi.

Paa usiliwekee nguzo katikati ya vioo, haina. Taa za mbele ni nne, vifungo vya shati vinatosha. Magurudumu kata champali iliyokwisha, ekseli spoku ya baiskeli.

Rangi paka siku hiyohiyo, piga msasa, praima, basi. Mi nililiacha bati barazani usiku mmoja tu na upepo huu wa chumvi, asubuhi kingo zote zishashika kutu. Ukanda wa dhahabu bandika mwisho kabisa, karatasi ya chokoleti inafaa.

Yangu niliipaka krimu. Mwanangu kaitazama weee, kaniuliza nyekundu iko wapi, kwa hivyo kesho narudi kwa mama wa viazi.