Injini yako inastahimili mizunguko mingapi? Namna ya kutafuta kikomo chake

Alama nyekundu kwenye saa ya mizunguko haiongezeki kwa sababu tu kompyuta ya gari imebadilishwa programu. Kinachoiweka pale ni kipande kilicho dhaifu kuliko vyote ndani ya injini. Kitafute hicho kwanza.

Anza na stroki, yaani safari ya pistoni kutoka chini hadi juu. Zidisha stroki (kwa milimita) na mizunguko kwa dakika, kisha gawa kwa 30,000. Jibu ni wastani wa mwendo wa pistoni, mita kwa sekunde. Chukua 1NZ-FE ya Toyota, ile iliyomo kwenye Probox na Vitz nyingi: stroki ni 84.7, na nguvu yake ya juu hupatikana kwenye 6,000.

84.7 × 6,000 ÷ 30,000 = 16.9

Injini ya kawaida ya petroli ikiwa na vipande vya kiwandani hukaa kati ya 15 na 20. Honda S2000 ya kwanza, stroki 84, hufika karibu 9,000, yaani mita 25 hivi, lakini pistoni na konrodi zake (mikono inayounganisha pistoni na krenki, shafti kuu ya injini) zilifuliwa kwa kazi hiyo. 1HZ ya Land Cruiser ina stroki ya 100 na hutoa nguvu yake yote kwenye 3,800: pistoni za dizeli ni nzito, na dizeli inataka muda wa kuungua.

Hata hivyo, kinachovunja si mwendo wenyewe. Pistoni ikifika juu husimama kabisa, kisha huvutwa irudi chini, na nguvu ya kuivuta hupanda kwa mraba wa mizunguko. Tuseme pistoni pamoja na pini na ringi zake ina gramu 400 kwenye stroki hiyo ya 84.7. Kwa 6,000, konrodi inavutwa kwa nguvu kama uzito wa kilo 890. Kwa 7,000 zinapita 1,200. Mizunguko imeongezeka kwa asilimia 17, mvuto kwa asilimia 36.

Hatari kubwa iko pistoni inapomaliza kusukuma moshi nje. Wakati wa kubana hewa, presha ya silinda huisaidia konrodi kuizuia pistoni. Wakati wa kutoa moshi hakuna presha ya maana, na mvuto wote unaangukia boliti mbili za konrodi. Ndiyo maana boliti ikilegea au ikivutika, konrodi hutoboa bloku. Boliti zinazokazwa kwa digrii, yaani kwa pembe ya kuzungusha, huvutika kila zinapokazwa: pima kipenyo pale palipo pembamba zaidi, linganisha na kitabu cha injini, na ukitilia shaka weka mpya. Usikaze kwa kukisia mkono. Tumia toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza.

Kisha panda kwenye silinda hedi. Kazi ya springi ya valvu ni kuhakikisha valvu haiachani na kemu, shafti inayoifungua. Mizunguko ikizidi uwezo wake, valvu inachelewa kufunga: injini inakosa nguvu ghafla juu kule, inakohoa, na mwisho valvu inakutana na pistoni. Pima urefu wa kila springi ikiwa haijabanwa, isimamishe kando ya skwea uone kama imeinama, halafu pima nguvu yake ikiwa imebanwa hadi urefu uliotajwa kwenye kitabu cha injini. Springi moja iliyochoka inatosha kushusha kikomo cha injini nzima.

Chini kwenye krenki, tazama nafasi ya oili kwenye beringi. Kipimo kinachotumiwa na wengi ni sehemu moja ya elfu ya kipenyo cha jenali, yaani sehemu ya krenki inayozunguka ndani ya beringi: jenali ya milimita 40 inataka takribani milimita 0.04. Nafasi ikizidi, presha ya oili inashuka. Ikiwa finyu mno, beringi inachemka na kushika. Na usijaze oili kupita alama ya juu ya dipstiki. Krenki ikiifikia huipiga ikawa povu, na povu halibebi beringi.

Ukishapata vikomo hivi, chukua kilicho chini kuliko vyote, upunguze mizunguko 300 hadi 500. Hapo ndipo kompyuta ikate mafuta.

Kukata mafuta hakukuokoi ukikosea gia, kwa sababu hapo magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Ukiwa gia ya nne kwenye 4,000 ukaingiza ya pili, na uwiano wake ni mara mbili, injini inakwenda 8,000 papo hapo. Kanyaga klachi mara moja. Kabla ya kuwasha tena, zungusha krenki kwa mkono mizunguko miwili kamili; ikikwama usilazimishe. Ikizunguka vizuri, pima kompresheni (presha ya kubana) ya kila silinda na kliaransi (nafasi ndogo) za valvu. Silinda iliyo chini sana kuliko wenzake, pamoja na kliaransi iliyobadilika, ni valvu iliyopinda. Kompresheni ikiwa sawa, bado fungua sampu, trei ya oili chini ya injini, uangalie boliti za konrodi na beringi zake.