SOMO: Namna ya kuandaa makubaliano ya uanagenzi katika gereji

Katika gereji nyingi za Tanzania mwanagenzi, yaani kijana anayejifunza kazi kwa fundi, hupokelewa kwa maneno ya mdomo: mzazi humleta, fundi hukubali, na kuanzia siku hiyo anaitwa spanaboi. Wengi wamekuwa mafundi wa kutegemewa kwa njia hiyo, nami siidharau hata kidogo. Kasoro yake ni kwamba hakuna aliyetamka kijana atafundishwa nini na lini, kwa hiyo anaweza kumaliza miaka akiosha vipuri na kupokeza spana huku fundi akiamini kwa dhati kwamba anamfundisha.

Hatua ya kwanza: orodhesheni kazi kabla ya kuzungumzia fedha. Fundi aandike kazi zote zinazoingia gerejini kwake, kuanzia kubadilisha oili na chujio hadi kushusha gia boksi, kubadilisha klachi na kufungua injini. Kila kazi ipangiwe muda wake, na iandikwe kama kitendo ambacho kijana atakifanya kwa mikono yake mwenyewe. Chukueni mfano wa kutoa upepo kwenye breki. Kazi hii huhitaji watu wawili: mmoja hukaa kwenye usukani akikanyaga na kushikilia pedeli, na mwingine huwa chini, kwenye gurudumu, akilegeza skrubu ndogo ya kutolea upepo, akitazama mapovu yanavyotoka pamoja na mafuta ya breki, kisha akiikaza kabla mwenzake hajaachia pedeli. Anayewekwa kwenye pedeli ni spanaboi, na anaweza kuhudumia magari mengi sana bila kuona hata mara moja kinachotendeka chini. Ukimuuliza, atasema anajua breki, na hasemi uongo, kwa kuwa amekuwapo kila mara. Ndiyo maana orodha isiandike "kujifunza breki" tu. Iandike kwamba mwanagenzi atalegeza na kukaza skrubu za magurudumu yote, ataongeza mafuta kabla hayajaisha kwenye chupa yake, na atapima pedeli mwishoni, fundi akimtazama.

Hatua ya pili: angalieni umri. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaruhusu uanagenzi kuanzia miaka 14, na inamtaka fundi amfundishe mtoto katika mazingira salama. Hata hivyo kazi za hatari haziruhusiwi kwa aliye chini ya miaka 18, na gereji ina jeki, moto wa kuchomelea na asidi ya betri. Kwa maoni yangu, kwa fani hii ni vyema kusubiri miaka 18. Akipokelewa aliye chini ya hapo, mzazi au mlezi lazima ashirikishwe na atie saini, na kazi hizo za hatari ziondolewe kabisa kwenye orodha yake.

Hatua ya tatu: andikeni mkataba. Kurasa mbili zinatosha, kwa Kiswahili, nakala moja kwa kila upande. Mkataba utaje muda wa mafunzo, kipindi cha majaribio, saa za kazi, posho au nauli na chakula, atakayegharamia matibabu kijana akiumia, na utaratibu wa spana ikipotea. Jambo hili la spana huonekana dogo, lakini limewatoa vijana wengi gerejini.

Hatua ya nne: jazeni daftari la kazi. Kila jioni mwanagenzi aandike tarehe, aina ya gari, tatizo lililoletwa, alichofanya, na kama alifanya mwenyewe au alisaidia. Fundi atie saini. Mwisho wa mwezi daftari hilo lilinganishwe na orodha ya hatua ya kwanza. Kama safu ya "nilisaidia" imejaa na ile ya "nilifanya mwenyewe" ni tupu, fundi abadilishe mpangilio wa kazi mwezi unaofuata.

Hatua ya tano: tafuteni cheti. VETA, yaani Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Aliyejifunzia gerejini hupimwa kwa vitendo, huzibiwa mapengo yanayoonekana, kisha hupewa cheti. Daftari litamsaidia mwanagenzi kujiandaa kwa upimaji huo.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Morogoro: Mwalimu, kijana akishaiva si ataondoka na wateja wangu?

Jibu: Wengine wataondoka, ndugu yangu, na mkataba hauwezi kumfunga mtu maisha. Unaloweza kufanya ni kukubaliana naye tangu mwanzo kwamba baada ya mafunzo atafanya kazi kwako kwa kipindi fulani, kwa malipo ya fundi kamili. Hicho cha mwisho ndicho hupuuzwa: aliyehitimu akiendelea kupewa posho ya spanaboi, ataondoka tu.

Mwanachama, Mwanza: Kampuni yetu ina wafanyakazi zaidi ya 10 na tunalipa tozo ya kuendeleza ujuzi. Kwa nini tena tubebe gharama za wanagenzi?

Jibu: Tozo hiyo, ambayo Julai 2023 ilipunguzwa hadi asilimia 3.5 ya malipo ya wafanyakazi, husaidia mafunzo ya nchi nzima, na ni haki kuilipa. Hata hivyo hakuna chuo kitakachomfundisha kijana mashine zilizomo kwenye karakana yenu. Anzeni na mwanagenzi mmoja, chini ya fundi aliyepunguziwa kazi nyingine ili apate muda wa kufundisha.

Mwanachama, Tanga: Shikamoo mwalimu. Mimi niko gerejini mwaka wa tatu sasa, sina mkataba wala daftari. Nimechelewa?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Hujachelewa. Nunua daftari leo, andika kwanza kazi zote unazoweza kuzifanya bila kusimamiwa, kisha zile ulizozisaidia tu. Mwendee fundi wako wakati gereji imetulia, umwonyeshe orodha ya pili, na umwombe akuachie moja kati ya hizo wiki hii, yeye akiwa pembeni.