Banda la nguruwe jike mwenye mimba ndilo linaloamua hali ya watoto

Pita kwa wafugaji wa Kibamba, Chanika au Mabwepande, pembezoni mwa Dar es Salaam, saa nane mchana, mwezi wa pili. Utamkuta nguruwe jike mwenye mimba amelala ubavu chini ya bati tupu, mdomo wazi, mbavu zinapanda na kushuka. Hesabu pumzi zake kwa dakika moja. Akiwa ametulia hupumua kama mara 15 hadi 20. Zikivuka 40, joto limemzidi. Nguruwe hatoi jasho la kumpoza kama sisi. Akifungiwa kizimba asichoweza hata kugeuka, hana pa kukimbilia.

Wengi tunahangaika na watoto wakishazaliwa: sindano ya madini ya chuma, taa, dawa. Lakini mimba ni miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu, yaani kama siku 114, na shida anayopata mama humfikia aliye tumboni. Jike anayeteseka kwa joto au kupigwa na wenzake kila siku hutoa kwa wingi homoni iitwayo kortisoli, na sehemu yake hupita kwenye kondo la nyuma, linalomlisha mtoto tumboni. Watoto wake wanaweza kuzaliwa dhaifu, wepesi wa kushtuka, wazito kushika chuchu. Mtoto asiyepata dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama, saa za mwanzo kinga yake huwa ndogo. Hapo tunalaumu mbegu ya dume!

Kwa hali ya hewa ya Dar, anza na paa. Liinue, weka makuti chini ya bati, na ukuta uishie kiunoni ili upepo upite. Mchana wa jua kali mmwagie maji shingoni na mabegani. Maji ya kunywa yasikauke kamwe.

Kuhusu kizimba cha kumbana mmoja mmoja, msimamo wangu ni kwamba tukiache. Uingereza walikipiga marufuku mwaka 1999. Umoja wa Ulaya, tangu 2013, unataka majike wakae kikundi kuanzia wiki nne baada ya kupandishwa hadi wiki moja kabla ya kuzaa, kila mmoja akipata takribani mita za mraba 2.25. Ila kikundi nacho kina masharti. Usichanganye majike wasiojuana katika wiki nne za mwanzo, maana ndipo mimba inajishikiza, na ugomvi unaweza kuiharibu. Walishe wametengana, la sivyo mnyonge atabaki na njaa.

Wiki moja kabla ya kuzaa, mhamishie chumba chake kilichosafishwa. Funga mabomba kuzunguka kuta, sentimita 20 hadi 25 kutoka sakafuni na ukutani, ili mama akijilaza watoto wapate upenyo. Kona moja iwe yao, yenye taa na maranda, kwa sababu wao wanataka nyuzi 30 na zaidi wakati mama anataka ubaridi.

Halafu mpe nyasi. Siku ya mwisho jike hukwangua saruji kwa miguu ya mbele, hung'ata hata mfuko wa mbolea akiutafutia pa kuuweka: anajenga kiota. Nimeona jike asiye na kitu akikwangua usiku kucha, akawa anainuka na kujilaza ovyo huku watoto wanatoka. Ukikamua chuchu na maziwa yakatoka, mwekee fungu la nyasi kavu kutoka mahali pasipopita nguruwe wengine, kwa kuhofia homa ya nguruwe, kisha umwachie alipange mwenyewe.