Namna ya kutengenezesha elektroniki Asia ya kusini-mashariki, kwa ba ndugu wenye tukampuni Ulaya

Ba ndugu wa Liège, Bruxelles na kwengine, swali iko ileile: mutu ana plani ya kamashini kake, sensa (kipande chenye kupima) ao regilateri ya solere, anatafuta kiwanda Asia kwa bei ya chini. Mi niko Bukavu, kazi yangu ni papye za madini, na ju ya ile kazi naongea sana na batu ba viwanda vya kule. Naandika yote hapa mara moja.

Usianze na bei, anza na inchi. Penang, Malaysia, banafanya hii kazi tangu 1972, mwaka yenye Intel ilifungua pale kiwanda chake ya kwanza inje ya Marekani, Bosch ya Ujerumani nayo iko kati ya zenye zilitangulia. Kama kitu yako ni ya kupima, ya hospitali, ao yenye sensa ya akili mingi, enda Penang, utalipa zaidi kuliko Vietnam lakini utapata injenieri wa kukuonyesha kosa mu plani mbele karte (ile sahani yenye kubeba vipande vya elektroniki) ya kwanza itoke. Vietnam ya kaskazini, Bac Ninh na pembeni yake, iliamka kabisa kisha Samsung kuingia 2008, ba furniseri wakaifuata, pale njo pazuri kwa bitu byenye kukusanywa na mikono mingi. Thailand ni inchi ya ma-disiki dire, na 2011 maji ilijaa mu viwanda bei ikapanda dunia muzima, kwa hiyo uliza ata hii: kiwanda iko bondeni ao juu? Batu banacheka hilo swali. Uliza tu.

Kisha angalia ukubwa. Wewe na vipande 300 usiende kubisha kwa kiwanda kubwa, watakupokea na kahawa, halafu kazi yako italala nyuma ya ya bengine miezi na miezi. Tafuta kiwanda yenye ikikupoteza itasikia.

Sasa papye za kazi. Utatuma faili za Gerber (michoro ya karte yenye mashini ya kiwanda inasoma) na lisiti ya vipande vyote, na hapa njo batu mingi banaliwa. Ukiandika "kondasateri 100 mikrofaradi" (kipande chenye kuchunga umeme kidogo) basi, watakuwekea ile ya bei ya chini mu soko ya siku hiyo, na kwa sheria hawajakosea kitu. Andika marke, namba kamili ya fabrikanti, volti, joto yenye inavumilia (digri 85 ao 105, tofauti yake utaiona kisha mwaka moja mu paa ya mabati), na uandike wazi: hakuna kubadilisha bila saini yangu. Eshantiyo ikisha kukupendeza, musaini mbili, mufunge mu sashe, moja ibaki kwao ingine kwako. Siku ya matata hakuna kubishana sana, munafungua sashe munalinganisha.

Malipo ya kawaida ni 30 kwa mia mwanzo na 70 mbele ya muzigo kutoka. Ile 70 usitume mpaka mutu wako, wako wewe, si wao, afungue kartoni zenye amechagua yeye mwenyewe. Na usipange kazi karibu na Tet, mwaka mupya ya Vietnam, mwisho wa Januari ao Februari, wafanyakazi wote banarudi kwao.

Duwane: batu banaimba mapatano ya Ulaya na Vietnam ya tarehe 1 Agosti 2020, ni kweli inasaidia, lakini simu na kompyuta zilikuwa zinaingia Ulaya kwa sifuri zamani, ju ya mapatano ingine ya 1996. Angalia kwanza namba ya duwane ya kitu yako, pengine unakimbilia zawadi yenye uko nayo tayari. Muzigo usiopita euro 6,000, furniseri anatangaza asili juu ya fakitire tu, ukipita pale lazima papye ya asili yenye inaitwa EUR.1. Na CE, ile alama ya kusema kitu inafuata sheria za Ulaya, iko juu yako: jina lako likiwa kwenye boksi, sheria inakuhesabu wewe njo fabrikanti, dosie utaichunga miaka 10.

Sasa yenye inanihusu. Ulaya inakataza risasi (plomb, ile metali) mu karte, kwa hiyo bati ya kusudiria (ya kushikanisha vipande ku karte) yenye viwanda vingi vinatumia, SAC305, ni bati 96.5 kwa mia, feza 3, shaba 0.5. Ile bati inatoka wapi? Kasiteriti (muchanga wenye bati) ya Kivu imeyeyushwa mingi Malaysia na Thailand. Huku kwetu mufuko wa halali unapashwa kufungwa na kibandiko cha plastiki chenye namba, na ile namba njo inapashwa kufuata muchanga mpaka kwa muyeyushaji. Sheria ya Ulaya ya madini, inayotumika tangu Januari 2021, inagusa wenye kuingiza madini na metali, haigusi karte yenye imekwisha kutengenezwa, basi kiwanda kitakuambia "haikuhusu". Lakini kliya wako mukubwa wa Ulaya atakuuliza siku moja, na utakuwa umechelewa. Omba tangu mwanzo lisiti yenye majina ya wayeyushaji wa bati, tantali, tungsteni na zahabu, usome majina moja moja. Wakikutumia yenye kila safu inajibu "hapana" na pa majina hakuna kitu, ni kusema hakuna mutu aliuliza, warudishie na uchelewe kusaini kontra mpaka ijae.