Kuutengeneza msonobari mdogo wa bonsai

Bonsai ni mti unaokuzwa ukiwa mdogo ndani ya chungu, ukikatwa na kukunjwa upate umbo la mti mkubwa. Huku kwetu Arua, Uganda, miche ya msonobari si shida kupata. Zombo tuna msitu wa Lendu, na vitalu vinauza miche kwenye viriba. Wapandaji wa mbao wanataka ule mrefu ulionyooka. Wewe tafuta mfupi, mnene chini, wenye matawi karibu na udongo.

Kabla hujashika mkasi, lijue hili: msonobari hauchipui kirahisi kwenye sehemu kuukuu isiyo na sindano. Mwembe ukiukata utatoa machipukizi. Msonobari, tawi lake ukiliacha tupu, hesabu limekufa. Kwa hiyo kila unapofupisha tawi, hakikisha zimebaki sindano za kijani kati ya shina na pale unapokata. Kazi yote imesimama hapo.

Fukua udongo wa juu kidogo mpaka uone mizizi inapotanuka, kisha zungusha mti uchague uso wake, yaani upande utakaotazamwa. Matawi ya msonobari hutoka kwa duara, manne au matano mahali pamoja. Bakiza moja au mawili, la sivyo shina litavimba hapo na halitapendeza tena.

Waya wa shaba wa kukunjia matawi, omba mabaki kwa fundi umeme. Vua plastiki yote, utie kwenye makaa hadi uwe mwekundu, uache upoe, utalainika. Unene wake uwe kama theluthi ya tawi. Anzia kwenye shina, uzungushe kwa mshazari wa nyuzi 45, na unapokunja waya ukae upande wa nje wa pindo ili tawi lisipasuke. Kunja polepole.

Sindano zinazoning'inia chini ya tawi zing'oe, za juu ziache. Usizipunguze kwa mkasi, ncha zitakauka rangi ya kahawia. Utomvu mikononi unatoka kwa mafuta ya kupikia.

Mimi hufanya haya Septemba, sindano mpya zikiwa zimekomaa na mvua bado ipo, mti upate nafuu kabla ya kiangazi cha Desemba. Uweke kivulini wiki mbili, mwagilia udongo wa juu ukikauka tu, na usibadilishe chungu msimu huohuo. Siku ya kubadilisha, bakiza udongo wenye nyuzi nyeupe. Ni kuvu inayoilisha mizizi.

Kagua waya kila wiki. Ukianza kuuma gome, ukate kwa koleo vipande vipande. Ukiufungua kwa kuuzungusha utavunja vichipukizi.