Bunduki ya marehemu baba: kabla hujanunua msasa

Bunduki ya kuwindia ikilala miaka ishirini kabatini Upanga, Dar es Salaam, upepo wa bahari huwa umeshaila. Chuma kina kutu, kitako kimekuwa cheusi kwa mafuta, na mrithi anawashwa mkono kutaka kusugua. Asisugue bado.

Kwanza karatasi. Silaha ya marehemu hairithiwi kama shamba. Ipo Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na leseni ya baba haikuhusu wewe. Toa taarifa polisi, umilikishwe kihalali, ndipo utafute fundi bunduki mwenye leseni. Fundi wa mageti, hata awe hodari vipi, usimpelekee.

Kisha isome. Kwenye mtutu na kwenye chuma kinachobeba bolti (kipande cha nyuma kinachosukuma risasi ndani na kuifungia) kuna namba, mihuri ya ukaguzi na jina la risasi yake. Piga picha kila alama. Hapa sina mzaha. Chukua bunduki za risasi ya Kijerumani iitwayo 8x57 Mauser: za mwanzo, za mwaka 1888, hutumia risasi yenye kipenyo cha inchi 0.318, na zilizofuata kuanzia 1905 hutumia ya 0.323. Jina linakaribiana, lakini risasi nene ikilazimishwa kwenye mtutu mwembamba, shinikizo hupanda kufikia hatari, na uso wa mpigaji uko karibu sana na bolti. Ukiifuta alama hiyo kwa msasa umejifungia mlango wa kujua, mbali na kosa la kufuta namba ya silaha. Hata alama ikisomeka, fundi apime mtutu na chemba (sehemu ya nyuma ya mtutu inapokaa risasi), maana huenda mtu aliwahi kubadilisha mtutu.

Ukikuta vishimo ndani ya mtutu, usishangae. Fataki za zamani, yaani kile kidude kitakoni mwa risasi kinachowasha baruti, ziliacha chumvi inayovuta unyevu, na mafuta hayaiyeyushi. Maji ya moto ndiyo yaliyohitajika, kisha kukausha na kupaka mafuta. Kwa joto na unyevu wa Dar, siku chache zilitosha kuanza kuharibu.

Kitako nacho kikaguliwe nyuma ya chuma, pale mbao inapopokea mpigo. Cha baba yangu kilikuwa na ufa mwembamba, fundi mmoja akaupaka vanishi tu. Bunduki yenyewe ni ya .375 H&H, risasi kubwa ya tangu 1912; mpigo wa tatu mbao ikaachana. Bado naumia nikikumbuka, kwa sababu gundi nzuri na skrubu ya kupita ndani vingetosha.

Kuhusu kufunga darubini, fikiri mara mbili: tundu likishatobolewa halizibiki bila kuonekana. Na kama chuma cha bunduki kitatiwa weusi upya, muulize fundi iwapo shabaha zake (vipande vya kulengea juu ya mtutu) zimeunganishwa kwa lehemu laini, maana dawa ya moto ya kutia weusi huila lehemu hiyo na shabaha zikaachia.