Kufuatilia nguva na nyangumi wa Kiunga kwa setilaiti, ukiwa Mombasa

Hifadhi ya bahari ya Kiunga, iliyotengwa mwaka 1979, iko mwisho wa pwani yetu, mpakani na Somalia. Kwa boti kutoka Mombasa ni mbali na ni gharama, na wakati wa kusi bahari haikubali kila siku. Picha za setilaiti zinafika, ila ujue kwanza kinachoonekana na kisichoonekana, maana hapo ndipo wengi hupotea.

Pikseli, yaani nukta moja ya picha, ni mita 10 kwenye picha za bure za Sentinel-2, setilaiti za Ulaya. Nguva mzima ana kama mita 3, hutamwona hata ukuze picha vipi. Unachofuatilia ni malisho yake: nyasi bahari. Nyangumi kibyongo ana mita 13 hadi 16, yaani pikseli moja au mbili tu, na doa kama hilo laweza kuwa povu au mashua. Kumhesabu kunataka picha za kununua, mfano za setilaiti ya kibiashara WorldView-3 yenye pikseli ya sentimita 31.

Anza na malisho. Fungua akaunti ya bure kwenye Copernicus Browser, tovuti ya picha za Sentinel-2, chora mstatili kuzunguka eneo lako, upakue kipande hicho tu kwa muundo wa TIFF. Ukipakua kigae kizima, cha kilomita 110 kwa 110, bando litakwisha. Chukua bendi, yaani tabaka za rangi za picha, B2 (buluu), B3 (kijani), B4 (nyekundu) na B8 (infraredi, isiyoonekana kwa macho), uzifungue kwenye QGIS, programu ya bure ya ramani.

Kuchagua tarehe ndiyo kazi yenyewe. Setilaiti hupita kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Siku za bamvua, maji ya pwani yetu hupwa karibu na saa hizo hizo. Siku za maji mafu hupati kupwa kukubwa namna hiyo. Ukiweka picha ya bamvua kando ya ile ya maji mafu, utaona nyasi zimeongezeka au zimepungua, kumbe kilichobadilika ni kina cha maji. Tazama jedwali la maji la Lamu, andika kimo cha maji kwa kila picha, na ulinganishe zile tu zinazopishana kwa chini ya nusu mita. Februari na Machi, kaskazi ikilegea, ndipo maji huwa angavu zaidi. Masika huleta mawingu na tope.

Kisha ondoa mng'aro wa jua. Kwenye maji ya kina, B8 inapaswa kuwa nyeusi. Ikiwa na weupe, huo ni mng'aro. Chagua sehemu ya kina, pima mteremko wa uhusiano kati ya B8 na kila bendi nyingine, halafu kwenye kikokotoo cha rasta (Raster Calculator) cha QGIS, toa kwenye kila bendi mteremko wake ukizidishwa na (B8 kutoa thamani yake ndogo kabisa). Sampuli ikiingiwa na wingu, povu au mashua, mteremko unaharibika. Na pale nyasi zilipojitokeza juu ya maji, B8 hung'aa kwa sababu ya nyasi zenyewe, kwa hiyo usisahihishe hapo. Ukisahihisha, utakifutilia mbali kile unachokitafuta.

Nyasi, mwani na matumbawe huonekana weusi mmoja. Wavuvi wa Kiunga wanajua kilichoko chini, basi waombe angalau pointi 30 za GPS kwa kila aina zikuongoze kuchora ramani, na theluthi yake uiweke kando kwa kupimia usahihi wa ramani hiyo.

Kwa nyangumi, kampuni za setilaiti hupiga picha zaidi za nchi kavu, hivyo hifadhi ya picha za zamani haitoshi. Huenda ukalazimika kuagiza upigaji mpya. Nyangumi hupita pwani yetu kuanzia Julai, kusi ikivuma, povu likiwa tele, kwa hiyo omba siku ya upepo mdogo. Gawa picha kwa miraba ya mita 200, watu wawili wahesabu kila mmoja peke yake, na kila doa waliite hakika, yumkini au shaka. Mraba usio na kitu uandikwe "hakuonekana": aliyezama mita kadhaa haonekani.

Ramani ya malisho wapelekee wavuvi na KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, kwanza. Mahali halisi wanapoonekana nguva pasiwekwe mtandaoni, wamebaki wachache mno.